Hati za Ireland na chapa za ng'ombe wa Todonyang

Wadau, leo tuache kidogo mambo ya programu za simu twende kwenye historia. Usikimbie lakini, hifadhidata zimo ndani.

Mjini Dublin, Ireland, kuna ofisi ya kusajili hati za ardhi iliyoanza kazi mwaka 1708. Ukiuza shamba, ukilikodisha, ukiliweka rehani au ukiandikiana mkataba wa mali wakati wa ndoa, uliweza kupeleka muhtasari wa hati yako: majina ya wahusika, mahali pa shamba, mashahidi. Makarani waliunakili kwa mkono kwenye vitabu vikubwa. Haikuwa lazima, ila hati iliyosajiliwa ilikuwa na nguvu kuliko iliyofichwa sandukuni. Nia yenyewe haikuwa safi, maana sheria za wakati ule ziliwakataza Wakatoliki kununua ardhi au kuikodi kwa zaidi ya miaka 31, na daftari hili lilisaidia kuwachunga.

Mwaka 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi kuu ya nyaraka za nchi iliteketea. Daftari la hati lilikuwa jengo lingine, likapona. Ndiyo maana Mwairishi anayemtafuta babu wa babu yake leo anaishia huko. Utamu uko kwenye ile mikataba iliyodumu kwa muda wa uhai wa watu watatu waliotajwa. Mpangaji mjanja alitaja watoto, kwa kuwa wangeishi muda mrefu, na mara nyingi umri wao uliandikwa. Yaani mkataba wa kodi unakupa familia nzima!

Sasa faharasa yake... Aliyewahi kusanifu hifadhidata atacheka, kisha atalia. Imepangwa kwa jina la anayetoa ardhi na kwa jina la mahali, basi. Aliyepokea hana faharasa. Mnyonge aliyekodi kipande kidogo unampata kwa kupitia hati za tajiri wake moja moja.

Tuje kwetu. Ukoo wangu unatoka Todonyang, pale Ziwa Turkana linapokutana na Ethiopia. Babu yangu hakuwahi kuwa na hatimiliki. Ardhi ilishikwa na baraza la wilaya kwa niaba ya wenyeji hadi Katiba ya 2010, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ndiyo iliyofungua mlango wa jamii kupata hati kwa jina lake. Lakini sheria hiyo inadai orodha ya wanajamii. Nani ni wa hapa, nani si wa hapa? Tangu mafuta yapatikane upande wa Lokichar mwaka 2012 (na kampuni yenye jina la mji wa Ireland, Tullow, ajabu eh?), hilo si swali la mchezo.

Karatasi hatuna, ila daftari tunalo. Kila ukoo, yaani emachar, una chapa yake inayochomwa kwenye mifugo. Mahari ya Mturkana ni mifugo mingi, inayochangwa na baba, wajomba na marafiki wa bwana harusi, kisha inagawanywa kwa ndugu za bibi harusi. Muulize mzee nani alitoa ngamia kwenye harusi fulani na nani alimpokea, utapata wahusika na mashahidi kuliko hati ya Dublin. Tena aliyepokea naye anakumbukwa!

Halafu kuna kitu kilichonifurahisha kama mwanakompyuta. Mwanamume ni Ngimor (mawe) au Ngirisae (chui), na mtoto huwa kinyume cha baba yake. Baba chui, mwana jiwe, mjukuu chui. Mzee akitaja majina saba na mpishano ukavunjika, ujue kizazi kimerukwa. Ni ukaguzi uleule wa biti moja tuliosoma chuoni, na udhaifu wake ni uleule: vikirukwa vizazi viwili, mpishano unabaki sawa na kosa linapita.

Jedwali langu lina jina, emachar, jiwe au chui, harusi ilikotajwa, na nani alisema. Hiyo safu ya mwisho ndiyo inayoniharakisha. Mashambulizi ya mpakani ya Mei 2011 na Februari 2025 yalichukua watu wengi wa Todonyang, na wengine wametawanyika hadi Lodwar na Kakuma. Dublin daftari liko kwenye jengo la mawe. Letu linatembea na fimbo, na wiki ijayo nakwenda Kakuma kumsikiliza bibi mmoja anayekumbuka harusi za enzi za mama yake.