Vilebu, Fereti na Simba wa 1994

Mwaka wa 1914, vibarua waliokuwa wakichimba mawe Oberkassel, karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, walikuta kaburi. Ndani mlikuwa na mifupa ya mwanamume, ya mwanamke, na ya mbwa. Kaburi lile lina miaka kama 14,000. Piga hesabu. Wakati huo Ulaya nzima hakuna aliyekuwa amelima shamba, hakuna aliyefuga ng'ombe, mbuzi wala kuku, lakini mbwa alikuwepo, na alikuwa wa mtu.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka wa 2018, watafiti walichapisha habari za meno ya mbwa huyo. Jino linaloota huweka alama ya ugonjwa, kama vile ukuta unavyoweka alama ya mafuriko. Walisoma humo kwamba alikufa akiwa na umri wa miezi saba hivi, na kwamba kabla ya hapo aliugua vibaya zaidi ya mara moja, kuna uwezekano mkubwa kwa distempa. Mbwa mdogo mwenye distempa hutapika, huhara, hukauka maji mwilini na kupata degedege. Kawaida angekufa ndani ya wiki tatu. Huyu aliishi wiki kadhaa zaidi. Maelezo yao ni kwamba kuna mtu alimnywesha maji, akamlisha, akamtia joto, akampangusa uchafu. Na hakuwa na faida yoyote: hangeweza kuwinda wala kubweka adui akija. Aliuguzwa tu.

Habari hii niliisoma saa nane usiku, nimeketi sakafuni huku Rongai kando ya katoni iliyokuwa na papi saba.

Shuleni tulifundishwa kwamba mtoto wa mbwa ni kilebu. Ukiandika kitu kingine kwenye mtihani, alama imeenda. Sijawahi kusikia mtu Rongai akisema kilebu. Ni papi, na wakizaliwa hawafanani hata na mbwa, wanafanana na fuko. Hawaoni, hawasikii, na hawawezi hata kutetemeka kujipasha joto. Macho hufunguka baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Hata kukojoa hawajui: mama yao, jike letu la koko tunalomwita Popi, huwalamba tumbo ndipo mkojo utoke. Kazi yangu ilikuwa kuweka chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo, kubadilisha magazeti, na kuwapima kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Papi anafaa kuongeza uzito kila siku, na baada ya siku kumi hivi awe amefikisha mara mbili ya uzito wa kuzaliwa. Asipoongezeka, kuna shida hata kama hajalia. Wa saba, mdogo wao, hakuongezeka. Alikufa siku ya tatu, Popi bado anamlamba.

Soja wa ploti yetu alikuja kuangalia. "Mwanangu, hao wape maziwa ya ng'ombe, watashika," akasema. "Asante mzee, lakini yatawaharisha," nikamjibu, naye akacheka sana. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini mara mbili hivi ya yale ya ng'ombe, na sukari ya maziwa ni kidogo zaidi. Ila soja yuko na wenzake wa zamani. Columella, mwandishi wa mambo ya kilimo wa Roma katika karne ya kwanza, alishauri kwamba mama akikosa maziwa, papi wapewe ya mbuzi mpaka wafike miezi minne. Huyo huyo alifundisha kwamba baada ya siku ya arobaini papi ang'atwe ncha ya mkia (ndio, kwa meno ya mtu), na kwamba jambo hilo lingemkinga na kichaa. Mafundisho haya yote yako kwenye kitabu kimoja. Hivyo ndivyo elimu ya kulea papi ilivyokuwa kwa karne nyingi: jambo moja la maana, linalofuata ni mkia mdomoni.

Distempa ndiyo iliyobadilisha mambo. Mwaka wa 1809 Edward Jenner, yule yule wa chanjo ya ndui, aliandika kuihusu. Mwaka wa 1905 Mfaransa Henri Carré akaonyesha kuwa chanzo chake ni kirusi. Lakini kirusi hakijali kuonyeshwa, na pesa za kutafuta chanjo zilitoka kwa watu wa ajabu kidogo: wawindaji. Miaka ya 1920, The Field, jarida la Waingereza waliofuga makundi ya mbwa wa kuwinda mbweha, lilianzisha mchango. Harambee, kwa kweli. Patrick Laidlaw na George Dunkin wakafanya kazi Mill Hill, London, wakitumia mbwa na fereti, mnyama mdogo mrefu ambaye ukimwona utadhani ni nguchiro. Fereti hushikwa na distempa upesi sana. Kufikia mwisho wa miaka hiyo ya 1920 chanjo ilikuwepo. Na kwa sababu ya uzoefu huo na fereti, mwaka wa 1933 kirusi cha mafua ya binadamu kilitengwa kwa kutumia wanyama hao hao. Kwa hivyo ukidungwa sindano ya flu, kuna mbwa wa tajiri fulani unayemdai shukrani.

Huku kwetu hadithi ilianza na ugonjwa mwingine. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa, pembezoni mwa Nairobi. Kichaa huua watu, basi mbwa akaingia kwenye vitabu vya serikali kama hatari: leseni, chanjo ya kichaa, na risasi kwa asiye na mwenyewe. Hadi leo kampeni ya bure ikija mtaani, sindano ni ya kichaa. Sina shida na hilo hata kidogo, manake kichaa kikishaanza kuonyesha dalili hakuna kupona. Ila magonjwa yanayomaliza papi wenyewe yamebaki kuwa shauri yako na mfuko wako.

Sasa ona kilichotokea mwaka wa 1994. Simba wa Serengeti walianza kuyumba na kupata degedege. Karibu 1,000 kati ya 3,000 walikufa, na ugonjwa ukavuka mpaka hadi Maasai Mara, kwa sababu simba haonyeshi pasipoti. Ilikuwa distempa, na dalili zote zilielekeza kwa mbwa wa vijiji vilivyo kando ya mbuga. Mwaka wa 2008 watafiti wakaongeza kipande kingine: ukame wa 1993 ulidhoofisha nyati, nyati wakajaa kupe, simba wakala nyati, na vimelea vya kupe vikawashika wakati ule ule distempa imeshawaondolea kinga. Mmoja bila mwenzake hangeua wengi hivyo. Lakini ukame huwezi kuuchanja. Mbwa unaweza, na baada ya pale mbwa wa vijiji vya karibu na Serengeti walianza kuchanjwa kwa maelfu.

Mimi naishi upande wa pili wa Mbuga ya Nairobi. Simba wa huko huvuka hadi mitaa yetu, na mbwa ni kati ya vitu wanavyokula wakivuka. Sitaki kutia chumvi, lakini nikiangalia katoni yangu, sioni kwa nini papi wa mfalme wa mbweha alindwe na huyu wa koko aachiwe Mungu.

Halafu kuna pavo. Hii haikuwepo kabisa mpaka mwaka wa 1978 ilipotambuliwa, na ndani ya miaka miwili hivi ilikuwa imezunguka dunia. Hakuna mbwa aliyekuwa na kinga. Chanjo ilipatikana upesi, lakini kirusi hukaa kwenye udongo miezi mingi, na sabuni ya kawaida haikitoi, lazima Jik. Dang'a ya mama humpa papi kinga kwa wiki kadhaa, na kinga hiyo hiyo huzuia chanjo isishike vizuri. Ndiyo maana sindano hurudiwa kuanzia wiki ya sita au ya nane mpaka ya kumi na sita. Si agroveti anatafuta pesa zako. Sawa, anatafuta, lakini ana sababu.

Sindano tatu, mara papi sita, inakaribia kodi yangu ya mwezi. Nimelipa ya kwanza. Wanne waliopiga simu kuwataka wameuliza swali moja: watakuwa wakali? Wa tano, mama mmoja wa Kiserian, aliuliza sindano ya pili ni tarehe gani. Huyo nimemwekea mwenye mkia mweupe.