Kutoka Mafiga hadi Jiko la Udongo: Safari ya Moto katika Nyumba za Goma

Tukizungumza juu ya mila za wazee wetu, tunataja ndoa, matanga, ngoma na majina ya ukoo. Moto wa jikoni tunausahau, labda kwa sababu tunauona kila siku. Lakini mengi yaliyoupata mji wetu wa Goma yanaonekana pale chungu kinapokaa. Katika insha hii tutaona kwamba watu walibadilisha jiko kila makao yao yalipobadilika, na kwamba jiko jipya lilipokelewa pale tu lilipokubali maisha ya watu wa hapa.

Tuanze na mafiga, yale mawe matatu. Jina lenyewe ni la zamani sana. Wanyarwanda wanasema amashyiga, Waganda wanasema amasiga, na masikio yanasikia mara moja kwamba ni neno moja la ndugu mbalimbali. Kwa Waganda, ssiga ni pia tawi la ukoo. Yaani jiwe la jikoni na kizazi vinaitwa kwa jina moja. Waswahili wa pwani wanasema: Jifya moja haliinjiki chungu. Jifya ni figa hilohilo. Maana yake ni kwamba mtu peke yake hawezi kazi inayotaka wengi.

Mafiga yalikuwa na makao yake. Mama wa nyumba aliyapanga, akajua kila jiwe linavyokaa. Usiku kaa la moto lilifunikwa kwa majivu ili asubuhi lipulizwe, na kama limezimika, mtoto alitumwa kwa jirani kuomba moto. Jioni watu walikaa kuuzunguka, wakota na kusikiliza hadithi. Moshi ulikuwa mwingi na macho yaliwasha, hilo hatukatai, na bamama njo waliuvuta kuliko wengine.

Mji ulipokua kando ya ziwa, mambo yakawa mengine. Watu walitoka Masisi, Rutshuru, Walikale, Lubero na kwingine, wakajenga nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano. Kiwanja ni kidogo, jirani yuko karibu, na cheche moja inaweza kuchoma nyumba nyingi. Kuni ni nzito kuleta kutoka mbali na zinataka pa kuziweka. Tena wengi ni wapangaji: leo uko Majengo, kesho Katindo. Mpangaji atajenga mafiga wapi?

Hapo njo mbabula ilipochukua nafasi. Ni chombo cha bati, mara nyingi la pipa kuukuu la mafuta, chenye matundu ya kupitisha hewa, mahali pa makala, na mkono wa kubebea. Jina linasafiri kama chombo chenyewe: Rwanda wanasema imbabura, Katanga mbabula, na Zambia mbaula. Fundi anaikata na kuigonga, mama anainunua ikiwa tayari na kwenda nayo nyumbani.

Ule mkono wa kubebea si jambo dogo katika historia yetu. Nyiragongo ililipuka tarehe 10 Januari 1977. Ikalipuka tena tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji na kufunika maelfu ya nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ikatoka tena, na siku chache baadaye laki za watu walikimbilia Sake, Minova na Rwanda. Hapo katikati kuna vita, hadi Januari 2025 AFC/M23 ilipouchukua mji. Mafiga huwezi kukimbia nayo. Mbabula, sufuria na godoro vinawekwa kichwani au juu ya chukudu, na mahali popote familia inapolala, chakula kinaweza kupikwa.

Lakini mbabula ina deni lake, na deni hilo linalipwa na msitu. Makala yanachomwa kwa kupanga magogo, kuyafunika kwa majani na udongo, na kuyaacha yaungue polepole. Kwa njia hii ya kienyeji, kilo 5 hadi 10 za kuni zinatoa kilo moja tu ya makala. Mbabula ya bati tupu inaongeza hasara, kwa sababu moto mwingi unapotea pembeni, unapasha hewa badala ya sufuria. Na sisi tunapika maharage na sombe, vyakula vinavyotaka moto wa saa nyingi.

Karibu na mji iko Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipofika kwa mamia ya maelfu, kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga ziliwekwa karibu na hifadhi, na miti ikakatwa kwa kuni kila siku. Vita vilivyofuata viliifanya biashara ya makala kuwa chakula cha watu wenye silaha. Julai 2007 gorila wa milima wa familia ya Rugendo waliuawa, na wengi waliona kivuli cha makala nyuma ya mauaji yale. Basi moto wa jikoni ulikuwa umefika mpaka juu mlimani.

Mwishoni mwa miaka ya 2000, WWF ilishirikiana na watengenezaji wa hapa kueneza jiko lililoitwa Jiko Nguvu Nyeusi. Tangu 2007 mradi wake wa EcoMakala ulikuwa umeanza kuwasaidia wakulima kupanda miti ya kuchoma makala, ili msitu wa hifadhi upumue. Jiko lenyewe ni ndugu wa lile la Kenya la mwanzo wa miaka ya 1980, lililochukua mfano wa jiko la Thailand. Nje ni bati, ndani ni udongo uliochomwa. Udongo unashika joto na kulirudisha kwenye sufuria, na mlango mdogo wa chini unapunguza au kuongeza hewa. Ukifunga mlango maharage yanaiva polepole, na makala yanayotumika ni machache.

Kwa nini bamama walilikubali? Kwa sababu lilibaki mbabula. Lina mkono, linatumia makala yaleyale, linabeba sufuria ileile, na fundi wa karibu anaweza kulitengeneza. Jiko la udongo lililojengwa chini linamfaa mtu mwenye makao ya kudumu. Mpangaji wa Goma atauliza tu: nikihama je?

Hata hivyo jiko hili si dawa ya kila kitu. Makala yanatoa hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunusika. Watu wa Goma wanaijua mazuku, ile hewa mbaya inayokaa mabondeni na kuua bila kelele. Ya makala si hewa ileile, lakini nayo inaua. Usiku wa baridi usiingize jiko lenye makala katika nyumba iliyofungwa, hata kama ni jiko jipya. Na tangu kituo cha umeme cha Matebe kilipofunguliwa mwaka 2015, kikiwa na megawati 13, nyumba nyingine zimeanza kupika kwa umeme. Lakini nyumba nyingi bado ni za makala.

Tukitaka mabadiliko mengine, tukumbuke safari hii. Mafiga yaliachwa kwa sababu mji haukuyapa nafasi, si kwa sababu watu walidharau mila. Mbabula ilipendwa kwa sababu ilikubali kukimbia pamoja nasi. Anayeleta jiko la kesho aje kwanza akae jikoni, awaulize bamama wanapika nini, kwa saa ngapi, na watalibeba vipi siku ya kukimbia. Na sisi watoto wao tuwaulize bazee waliobaki jinsi mafiga yalivyopangwa na moto ulivyohifadhiwa usiku, tukaandike, kwa maana mawe yenyewe hayatatuambia.