Mimba hutungwaje? Mambo ambayo mume na mke wanapaswa kujua

Ndoa ikikaa bila mtoto, anayenyooshewa kidole mara nyingi ni mwanamke. Akizaa wasichana watupu, analaumiwa tena. Ukielewa jinsi mimba inavyotungwa, utaona kwamba lawama hizo hazina msingi.

Mbegu za mwanamume

Mbegu za kiume hutengenezwa ndani ya korodani kuanzia balehe. Korodani huning'inia nje kwa sababu mbegu huhitaji joto lililo chini kidogo ya lile la mwili. Mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kukomaa, kwa hiyo homa kali ya leo inaweza kupunguza mbegu za wiki zijazo.

Mwanamume anapofika kileleni, mamilioni ya mbegu hutoka pamoja na shahawa. Lakini kuwa na nguvu za kiume si ushahidi wa kuwa na mbegu. Shahawa zinaweza kuonekana za kawaida huku mbegu zikiwa chache au hazipo kabisa. Kipimo cha maabara ndicho huonyesha.

Yai la mwanamke

Msichana huzaliwa na mayai yake katika ovari. Baada ya kuvunja ungo, kwa kawaida yai moja hukomaa kila mwezi na kutoka siku 14 hivi kabla ya hedhi inayofuata. Yai huingia kwenye mrija wa uzazi na huishi kwa muda usiozidi saa 24. Mbegu, kwa upande wake, zinaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke. Kwa hiyo mimba inaweza kutungwa kwa tendo lililofanyika siku 5 kabla ya yai kutoka, hadi siku yai linapotoka.

Usitegemee hesabu hii peke yake kuzuia mimba. Msongo wa mawazo, ugonjwa na lishe duni huweza kubadilisha mzunguko wako.

Mbegu na yai vinapokutana

Mbegu hupita ukeni, kwenye mlango wa kizazi na ndani ya mji wa mimba hadi kwenye mrija. Nyingi hufia njiani. Mbegu moja ikipenya, ganda la yai hubadilika na kuzizuia nyingine. Kromosomu 23 za baba huungana na 23 za mama. Yai hubeba kromosomu X. Mbegu hubeba X au Y. Ikiwa X, atakuwa msichana; ikiwa Y, mvulana. Jinsia hutokana na mbegu ya baba, ingawa naye hachagui.

Yai lililorutubishwa hushuka na kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba baada ya siku 6 hadi 10.

Nendeni kliniki lini?

Nendeni ikiwa mmekutana kimwili mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba haijapatikana, au miezi 6 ikiwa mwanamke amefikisha miaka 35. Kisonono na klamidia vinaweza kuziba mirija bila dalili yoyote, lakini vinatibika kwa dawa vikigunduliwa mapema.

Nendeni wote wawili. Mke akipimwa peke yake, nusu ya jibu inabaki nyumbani.