Sumaku za magari mabovu: jinsi Wakongo walivyojitengenezea sauti ya umeme

KASENGA, Haut-Katanga – Gitaa la Katanga lilijulikana duniani kabla halijaguswa na umeme. Mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akanasa sauti ya kijana Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya. Mwenda alipiga gitaa la mbao kwa vidole viwili tu, na wimbo wake Masanga ulivuka mipaka. Baadaye alifika hadi Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya wakaufuata mtindo wake.

Lakini gitaa la mbao linasikika vizuri mahali penye utulivu. Katika muji mkubwa, penye magari na umati wa watu, sauti yake inamezwa.

Shida hiyo ilimkuta Mawangu Mingiedi, Mzombo aliyetoka upande wa mpaka wa Angola na kuishi Kinshasa. Chombo chake kilikuwa likembe. Ili asikike barabarani, yeye na kundi lake Konono No. 1 waliokota sumaku katika vipande vya magari mabovu, wakachonga maikrofoni za mbao, wakatumia na vipaza sauti vya zamani vilivyoachwa tangu wakati wa ukoloni.

Vyombo hivyo vilikwaruza sauti. Mwanzoni hakuna aliyetaka mkwaruzo huo, lakini kundi liliuzoea, likaufanya kuwa sehemu ya muziki wake. Mwaka 2004 albamu yao Congotronics ilitoka Ubelgiji, na wasikilizaji wa Ulaya na Marekani wakaipenda kwa sababu ya mkwaruzo uleule. Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Marekani nayo ilipitia njia kama hiyo. Karibu na mwaka 1960, huko Nashville, mashine ya studio iliharibika wakati Grady Martin anapiga gitaa, na sauti ikatoka imechafuka. Watu waliipenda. Mwaka 1962 kikatoka kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, Maestro Fuzz-Tone, kilichotengenezwa ili kuleta sauti hiyo kwa makusudi. Mwaka 1965 kundi la Rolling Stones lilikitumia, kikajulikana kila mahali.

Kazi yenyewe si uchawi. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, madini yaleyale yaliyolipa jimbo la Katanga jina la Shaba toka 1971 hadi 1997. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya waya. Pedali inaupokea na kuukuza kupita kiasi, mpaka vilele vya mawimbi yake vinakatwa. Kukatwa huko ndiko kunakoleta mkwaruzo.

Pedali rahisi inahitaji transista mbili, rezista na kapasita chache, swichi, matundu mawili ya kuchomekea waya na batri ya volti 9. Sehemu nyingi kati ya hizo zinapatikana ndani ya redio iliyokufa. Fundi anazilehemu kwa kufuata mchoro, kisha anazifunga ndani ya kopo la chuma lililounganishwa na waya wa ardhi. Kopo hilo linazuia mvumo unaotoka kwenye nyaya za umeme zilizo karibu. Anayeanza atumie batri tu: umeme wa ukutani unaua.

Anayekimbia vita habebi gitaa wala spika. Vyombo vinabaki nyumbani, vinaibiwa au vinaungua. Mingiedi hakusubiri duka wala msaada: alianza na vile ambavyo wengine walikuwa wametupa. Ujuzi wa namna hiyo hauchukui nafasi katika mzigo, na mzazi anaweza kumfundisha mtoto popote walipofikia.