Gitaa Zito la James Jamerson

Wimbo "My Girl" wa The Temptations, uliotoka Desemba 1964, hauanzi na mwimbaji. Unaanza na besi peke yake, ikigonga taratibu kama moyo wa mtu aliyelala. Ndipo gitaa la Robert White linapoingia likipanda, na kila aliyepo ukumbini ameshajua ni wimbo gani. Aliyeipiga besi ile ni James Jamerson. Walionunua santuri wote walimsikia, ila jina lake hawakulijua, maana kampuni ya santuri ya Motown haikuwa na desturi ya kuandika majina ya wapigaji wake.

Jamerson alizaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Edisto, South Carolina. Husimuliwa kwamba utotoni alichomeka kijiti penye kichuguu cha sisimizi, akakifunga mpira, akawa anaudonoa ili sisimizi wapate kucheza. Mwaka 1954 alihamia Detroit, jiji la viwanda vya magari, akajifunza shuleni besi ya kusimama, ile ya mbao inayomzidi mtu kimo. Usiku alikuwa akipiga jazi vilabuni.

Jazi hiyo ndiyo aliyoingia nayo Motown. Berry Gordy, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alikuwa amenunua nyumba katika barabara ya West Grand Boulevard mwaka 1959, na gereji yake akaigeuza studio. Wapigaji waliiita Shimo la Nyoka. Huko Jamerson akashika gitaa la besi la umeme, ambalo lenyewe lilikuwa bado changa: Leo Fender wa California alilitoa mwaka 1951, na wengi walikuwa wakilipigia noti ile ile ya msingi, kwenda na kurudi. Jamerson alilifanya liseme. Alikuwa na Fender Precision ya mwaka 1962, yenye nyuzi nene ambazo hakuzibadilisha mpaka zikatike, na sponji iliyobanwa karibu na daraja ili sauti isivume ovyo. Alidonoa kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Wenzake wakakibatiza kidole hicho Kulabu.

Besi ina mabwana wawili. Inakwenda na ngoma katika mapigo, na papo hapo inambeba mwimbaji katika sauti. Ikiteleza, anayecheza anakosa hatua na anayeimba anapotea. Sikiliza "Bernadette" ya The Four Tops, ya mwaka 1967. Mwimbaji wao, Levi Stubbs, analia kwa uchungu wote alionao, na chini yake besi inakimbia, inaruka, inasita nusu ya pigo, inamdaka anapotua. Haimfuniki hata mara moja. Kwangu mimi, huo ndio upigaji bora kabisa wa besi uliowahi kuwekwa kwenye santuri. Paul McCartney, aliyekuwa mpiga besi wa The Beatles, hajaficha kwamba Jamerson alikuwa mwalimu wake kwa masikio.

Mwaka 1971 Marvin Gaye, mwimbaji wa Motown, alitoa albamu ya "What's Going On". Simulizi maarufu ni kwamba alimsaka Jamerson vilabuni usiku, akamkuta amelewa hata kukaa kitini hawezi, na Jamerson akapiga wimbo unaobeba jina la albamu akiwa amelala chali sakafuni. Ukiusikia huwezi kudhani. Katika jalada la albamu hiyo ndipo hatimaye Motown ilipochapa majina ya wapigaji.

Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles. Jamerson akaifuata, lakini kazi zikapungua na pombe ikazidi. Mwaka 1983 Motown ilipofanya onyesho la televisheni la kuadhimisha miaka 25, yeye hakupandishwa jukwaani. Inaelezwa kwamba alijinunulia tiketi akakaa juu, nyuma kabisa. Inaniuma kila ninapolikumbuka hilo. Nyimbo nyingi zilizokuwa zikishangiliwa usiku ule zilisimama juu ya kidole chake.

Alifariki Agosti 2 mwaka huo huo, akiwa na miaka 47. Rock and Roll Hall of Fame ilimwingiza mwaka 2000, miaka 17 baada ya kuzikwa. Ile Precision yake iliibwa siku chache kabla ya kifo chake, na mpaka leo haijulikani iliko.