Nani aliandika Kibua?



Mada ya akili bandia ikiguswa kati yetu, mabishano hufuata njia moja: ni wizi ao si wizi. Asista analalamika kwamba kazi zote sasa zinafanana kama mapacha. Mwanafunzi anajibu kwamba hana pesa ya vitabu, hana mtu wa kumsomea rasimu, na sasa msaada umefika kwenye simu yake watu wanataka kumnyang'anya. Wote wako na haki kidogo. Lakini mimi nilisoma historia, na naona kuna swali moja hatuliulizi: hizi kazi za wanafunzi, baada ya pointi kutolewa, zinabaki kuwa nini?

Chukueni Kibua, pale Masisi na Walikale zinapokutana. Ukitafuta kitabu juu ya Kibua utachoka bure. Utapata ripoti za mashirika ya misaada: watu wangapi walikimbia, vituo vya afya vinakosa dawa gani. Lakini namna soko lilivyoanza, nani alimpa nani shamba, barabara ilifungwa lini na watu waliishi vipi wakati huo, mambo hayo kwa sehemu kubwa yako mu vichwa vya wazee na ndani ya TFC za watoto wa huko. Zilipigwa chapa, zikavalishwa jalada la plastiki, zikawekwa kwenye kabati la chuo. Kabati hilo njo arshivu yetu. Hatuna nyingine.

Eneo hilo hilo lina mfano mkubwa wa namna neno la mtu wa kijijini linavyoweza kuingia kwenye karatasi bila kupoteza mwenyewe. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga wa Walikale, mzee Candi Rureke alisimulia karisi ya Mwindo kwa siku 12. Mwindo ni yule mtoto aliyezaliwa akiwa tayari anatembea na kusema, ambaye babake, chifu Shemwindo wa Tubondo, hakumtaka. Rureke aliimba, alisema, alicheza, aliigiza, na kijiji kilikuwa pale kinasikiliza na kuitikia. Mbelgiji Daniel Biebuyck pamoja na wasaidizi Wanyanga waliandika neno kwa neno, kwa mkono, mbio mbio. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, na jina la Biebuyck liko pamoja na la Kahombo Mateene, Mnyanga na mtaalamu wa lugha.

Kinachonivutia mimi ni ule uangalifu, zaidi hata ya ukubwa wa hadithi. Unajua nani alisema. Unajua mwaka. Unajua ilichukua siku ngapi. Unaambiwa hata jambo ambalo mwandishi mvivu angelificha: kwamba Rureke mwenyewe hakuwa na desturi ya kusimulia habari yote mfululizo mpaka mwisho. Kwa kawaida watu husikia kipande leo, kingine siku nyingine. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye masimulizi ya shekarisi wengine, na kila mmoja ana njia yake. Shujaa anafahamika, lakini safari haifanani, na hakuna aliyesema huyu kamkopi yule. Tena shekarisi hajifunzi peke yake chumbani. Kijana hukaa karibu na mkubwa wake, hupiga fimbo kushika mdundo, huitikia, miaka inapita, siku moja anaanza kusimulia mwenyewe mbele ya watu wanaoijua hadithi. Akidanganya, wanamwambia papo hapo.

Chuo kikuu kilikuja na namna nyingine ya kupima. Lovanium ilianza 1954, chuo cha serikali cha Lubumbashi 1956, Kisangani 1963. Mobutu akaviunganisha vyote kuwa UNAZA mwaka 1971, vikatenganishwa tena 1981. Huku kwetu ULPGL ilianza Goma mwaka 1985, UCG Butembo 1989. Mahali pote desturi ilikuwa moja: TFC mwisho wa graduat, memwari mwisho wa lisansi, direkta wa kukuongoza, halafu kudefanda mbele ya juri. Ni desturi nzuri. Tatizo ni kwamba serikali ilipofilisika, vitabu viliacha kuingia kwenye maktaba, mishahara ya walimu ikawa hadithi, na kozi ikawa silabi unayonunua na kuimeza. Atakayerudisha maneno ya mwalimu kama yalivyo ndiye alipata pointi. Tuseme ukweli: miaka mingi tuliwafundisha watu kuwa mashine ya kurudisha maneno, leo mashine yenyewe imefika na tunashangaa.

Kukopi hakukuanza na simu. Kila mtu aliyepita chuo anafahamu vile vibanda vya sekretaria, pale wanapopiga chapa na kutoa fotokopi. Kompyuta ya kibanda huwa na TFC za watu wa zamani. Ukija na mada inayofanana, kijana wa kibanda anakuonyesha moja, mnabadilisha jina la kijiji, mnabadilisha mwaka, imekwisha. Njo maana unaweza kukuta kazi juu ya Kibua inayotaja soko la samaki wa ziwani. Na ile sentensi ya mwisho ya Kifaransa, kwamba mbali nasi kudai tumemaliza somo hili, imetembea kutoka kazi moja hadi nyingine mpaka hakuna anayejua nani aliianzisha.

Majirani zetu Kenya waliifanya biashara kubwa. Kwa miaka mingi vijana wenye digrii, wengi wao Nairobi, waliandika insha na hata tasnifu za wanafunzi wa Uingereza na Marekani, usiku kucha, kwa malipo ambayo sehemu kubwa ilibaki kwa madalali. Filamu ya mwaka 2024, The Shadow Scholars, inamfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mwenye asili ya Kenya, akiwatafuta watu hao. Uingereza ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria mwaka 2022. Mwisho wa mwaka huo huo, tarehe 30 Novemba, ChatGPT ikatoka, na miezi michache baadaye waandishi hao wa Kenya wakaanza kusema kazi zinapungua. Mteja ameondoka na kumwachia kijana wa Nairobi kompyuta yake.

Sasa turudi Kibua, kwa sababu hapa pana hatari ambayo mwanafunzi wa London hana. Yeye akiiuliza mashine juu ya mji wake, vitabu ni vingi, itampa jibu la wastani. Mimi nilijaribu programu moja, nikaiomba historia ya Kibua katika kurasa tatu. Ilinipa. Kifaransa safi, vichwa vya habari, mwaka wa kuanzishwa, machifu watatu kwa majina. Nilipeleka majina hayo kwa wazee wawili wa huko. Mmoja alicheka, mwingine akauliza, "Bale ni bantu ba wapi?" Mashine haikuwa na nia mbaya. Ilikuwa na shimo, ikalijaza. Mwanafunzi akiweka kurasa hizo kwenye TFC, TFC ikaingia kwenye kabati, miaka kumi baadaye mdogo wake atazitaja kama chanzo, na hao machifu watatu watakuwa wametawala kweli.

Kwa hiyo kuniuliza kama mwanafunzi alitumia IA ao hakutumia, kwangu ni swali dogo. Hata hivyo ndilo vyuo vingi duniani vilianza nalo, vikakimbilia programu za kugundua. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walijaribu programu 7 za aina hiyo kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Kwa wastani zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu, zilihesabiwa kuwa za mashine. Sababu yake inaeleweka: mtu aliyejifunza lugha darasani hutumia maneno machache, ya kawaida, yaliyopangwa vizuri. Julai mwaka huo OpenAI wenyewe walifunga programu yao ya kugundua kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Sasa fikiria mtoto wa Kibua ambaye Kifaransa ni lugha yake ya tatu, aliyekimeza kutoka kitabu cha sarufi. Yeye ndiye wa kwanza kukamatwa.

Niliona jambo hilo kwa macho, kwenye chuo ambacho sitakitaja, siku moja ya kudefanda. Dada mmoja alikuwa ameandika memwari juu ya akina mama wa soko la Kibua. Msomaji wa pili alifungua kwa kusema, "Hii Kifaransa haitoki Kibua." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maneno hayo yanaumiza. Rais wa juri, mzee mtulivu, alifunua kurasa akauliza, "Mama unayemtaja ukurasa wa 41, alikuwa anauza nini?" Dada akajibu kwa Kiswahili bila kuangalia karatasi: "Prof, alikuwa anauza chumvi. Barabara ikiwa wazi anapima na glasi. Ikifungwa anapima na kijiko, na bei ni ile ile." Wakamuuliza maswali mengine dakika kama ishirini. Wakamuuliza kama alitumia IA. Akasema ndiyo, kunyoosha Kifaransa, na akaonyesha daftari lake la maulizo, limechafuka, lina maji ya mvua. Alifaulu vizuri.

Baada yake akaja kijana mwenye kazi juu ya wachimbaji wa Walikale. Jedwali zuri, watu 120 waliohojiwa, asilimia zenye nukta. Rais wa juri akamuuliza alipitia njia gani kufika huko, na alilala wapi. Kijana alianza kusoma utangulizi wake. Wakamwahirisha.

Wote wawili walitumia mashine. Mmoja alikuwa amefika Kibua kwa miguu, mwingine hakutoka mjini. Tofauti hiyo hakuna programu iliyoigundua. Ilitoka kwenye mdomo, kama kijiji kinavyomjua shekarisi anayekisia.

Najua mtaniambia: mukubwa, maneno mazuri, lakini asista mmoja ana wanafunzi 300. Ni kweli. Dakika 10 kwa kila mmoja ni saa 50, na hizo saa nani atazilipa? Mimi ningesema kwa TP za kawaida mupige kura, mtu mmoja kwa watano. Hao ni 60, saa 10, yaani siku mbili za kazi. Kila mtu anajua anaweza kuitwa, hiyo inatosha kumfanya asome alichotoa. TFC na memwari ziulizwe zote, na daftari la uwanjani liwekwe mezani pamoja na kazi. Najua pia kwamba mdomo una ubaya wake. Kuna juri zinazonunuliwa, kuna walimu wanaopenda kutisha wasichana, kuna watu wenye akili ambao mbele ya watu ulimi unakauka. Rais wa juri yule angekuwa mtu mwingine, dada yule angerudi nyumbani bila diplome. Kwa hiyo maswali yaandikwe, na yawe juu ya kazi yenyewe, si juu ya mahali mtu alipozaliwa.

Kuna jambo moja gumu zaidi. Goma ilichukuliwa na M23 mwisho wa Januari 2025. Machi mji wa Walikale nao ukachukuliwa, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kambi za wakimbizi kandokando ya Goma zilibomolewa. Mwanafunzi anayeambiwa leo aende uwanjani anaweza kuambiwa aende kufa, na direkta mwenye moyo hawezi kumlazimisha. Hapo ndipo mashine inakuwa kishawishi kikubwa: barabara imefungwa, tarehe ya kuweka kazi haijasogezwa, na kurasa tatu juu ya Kibua zinapatikana kabla mega hazijaisha. Kwangu, chuo kinachodai "uwanja" bila kubadilisha kitu chochote kinamfundisha mtu kudanganya. Ruhusu mada ziwe juu ya watu waliokimbia. Ukimhoji mzee wa Kibua aliyefikia kwa ndugu zake mjini, andika hivyo: ulimhoji mjini, siku fulani, na anasema kutoka kumbukumbu. Kazi haipungui thamani. Hata karisi ya Rureke ilikuwa kumbukumbu ya mtu mmoja, na ndivyo ilivyoandikwa.

Na mkitumia IA kunyoosha sentensi, semeni kwenye utangulizi, mstari mmoja tu. Majina ya watu, miaka na namba zisitoke kwake hata siku moja.

Yule dada alitoa fotokopi ya daftari lake, akaziacha kwenye kabati pamoja na memwari. Nilizifunua juzi. Ukurasa wa kwanza una majina ya akina mama 11, na mbele ya kila jina ameandika siku waliyoongea, mahali, na lugha waliyotumia.