Wazee wa Rwanda na utunzaji usio na watoto

Nchini Rwanda, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, tangu zamani mtunzaji wa mzee ni mtoto wake. Mwenye wana alijua kwamba atalimiwa shamba, atachotewa maji na atauguzwa. Asiye nao aliegemea ukoo. Pensheni ilikuwa ya wachache waliofanya kazi za mshahara. Kwa maelfu ya wazee, utaratibu huo ulikatika ghafla mwaka 1994.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza tarehe 7 Aprili mwaka huo na kudumu kwa takriban siku 100. Kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, zaidi ya watu milioni moja waliuawa. Miongoni mwa walionusurika wamo waliopoteza mwenzi, watoto na wajukuu wote. Kinyarwanda kilikuwa na neno la mtu aliyefiwa namna hiyo: incike. Kwa kuwa neno hilo lilibeba uchungu mwingi, siku hizi wazee hao huitwa Intwaza, kwa maana ya watu imara wasiovunjika moyo.

Chama cha wajane walionusurika, AVEGA Agahozo, kiliundwa mwaka 1995, nacho kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuwashika mkono. Baadaye yalijengwa makao yaitwayo Impinganzima, yakiwemo ya Huye, Bugesera na Rusizi, kwa juhudi za jumuiya ya Unity Club inayoongozwa na mke wa Rais, Jeannette Kagame. Humo wazee huishi pamoja, hupata chakula na matibabu, na zaidi ya yote hupata wa kuzungumza naye.

Kumbukumbu iliyojenga haki

Mchango wa wazee ulionekana wazi wakati taifa lilipotafuta haki. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa rasmi mwezi Juni mwaka 2012, zilishughulikia kesi zinazokaribia milioni mbili. Waamuzi wake, inyangamugayo, walichaguliwa na majirani zao kwa uadilifu wao. Pale ambapo familia nzima iliangamizwa, jirani mwenye umri mkubwa ndiye aliyeweza kueleza nani aliishi wapi, alikuwa na watoto wangapi na waliitwa nani.

Hata leo, wapatanishi waitwao abunzi husikiliza migogoro ya ardhi na mirathi kabla haijafika mahakamani. Si lazima mpatanishi awe mzee, lakini anayekumbuka mpaka wa shamba ulipita wapi kabla ya vita husaidia pale ambapo karatasi haipo. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno.

Mjini Kigali, wazee wamehifadhi pia lugha. Kiswahili kiliota mizizi katika mitaa kama Biryogo na Nyamirambo tangu zama za ukoloni, kikiletwa na wafanyabiashara na askari kutoka pwani. Kwa miaka mingi kilidharauliwa kuwa lugha ya wachuuzi, lakini wazee wa mitaa hiyo waliendelea kuwalea wajukuu kwacho. Mwaka 2017, Bunge la Rwanda lilipopitisha sheria ya kukifanya lugha rasmi, lilikikuta kingali hai barazani.

Riziki ya uzeeni

Heshima peke yake, hata hivyo, hailipi kodi ya nyumba. Vijana wanahamia mijini, vyumba ni vidogo, na mzee aliyebaki kijijini hukosa nguvu ya jembe. Kuanzia Januari 2025, kiwango cha chini cha pensheni kilipandishwa kutoka faranga 13,000 hadi 33,710 kwa mwezi. Ni nafuu kubwa, lakini humfikia aliyechangia mfuko alipokuwa kazini. Wazee wengi wa leo walikuwa wakulima.

Mpango wa akiba wa EjoHeza, ulioanza mwaka 2018, umewafungulia mlango wakulima na wachuuzi. Unamfaa zaidi kijana mwenye miaka mingi ya kuweka akiba kuliko bibi wa miaka 78. Huyo hutegemea ruzuku ya mpango wa VUP, ulioanzishwa mwaka 2008, ambayo hutolewa kwa kaya maskini zisizo na mtu awezaye kufanya kazi. Kinachopimwa hapo ni umaskini wa kaya, wala si umri wa mtu.

Majirani wamechukua njia nyingine. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la. Nchini Kenya, mpango wa Inua Jamii huwalipa wazee wa umri huo shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo si nyingi, ila humwezesha mzee kununua sukari na dawa bila kusubiri kuhurumiwa.

Kwa Rwanda, jambo hili halina muda mrefu wa kungojea. Aliyekuwa na umri wa miaka 45 mwaka 1994 sasa amevuka 75. Ndiye aliyesimama mbele ya majirani akataja majina ya wafu ili haki itendeke, na wengi wa aina yake hawana mtoto wa kuwachotea maji. Kwao, jamii nzima ndiyo iliyobaki kuwa mtoto.